Kilwa bara, barabara ya Njinjo: safari ya kwenda kuuliza msitu ni wa nani

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari, picha za simu na voisi nouti nilizokuwa najirekodia usiku, maana kule tulikokuwa netiweki inapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zahanati na jioni pale kuna foleni.

Wengi mmeniuliza nilienda kufanya nini huko bara. Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao kisheria kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake, kikatunga sheria ndogo, kikaunda kamati ya maliasili, alafu kikavuna na kuuza chenyewe kwa mpango. Kule wamefika mbali na hili jambo, mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, yani cha kwamba msitu unavunwa kwa utunzaji, kwa ajili ya mpingo. Sasa mimi na mwenzangu tulitaka kujua ndani ya kijiji chenyewe nani anaamua, nani anafaidika na nani msitu umemfungia njia. Jina la kijiji sitalitaja wala la mtu yeyote, tuliwaahidi hivyo kwenye fomu ya ridhaa na nawaheshimu.

Jumanne, Mbagala hadi Nangurukuru

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Rangi Tatu, nauli nililipa 18,000, begi la madodoso halikulipiwa ila ndoo ya mwenzangu ililipiwa 2,000 sijui kwanini. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, hapo hamna la kusimulia zaidi ya korosho za dirishani.

Daraja la Mkapa pale Rufiji ndo watu waliamka. Mama niliyekaa naye, mtu wa Lindi, akaanza kunisimulia enzi za pantoni la Ndundu, magari yanalala foleni, watoto wanalia, mnapika pembeni ya gari. Daraja lina mita 970 na lilifunguliwa 2003, yani kabla ya hapo kusini ilikuwa ni safari ya kuaga nyumbani kwa machozi. Somanga tukanunua samaki wa kukaanga kwa 3,000, wa moto kabisa, yule mama akanimegea na muhogo wake. Hapo hapo Somanga ndo Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara watu wakakwama pande zote mbili, kwa hiyo kama unakuja masika ulizia kwanza kabla hujakata tiketi.

Nimeisimulia sana barabara makusudi. Kuna mtaalamu mmoja Mwingereza, Robert Chambers, alisema miaka mingi iliyopita kwamba watu wa utafiti na miradi tunavijua vibaya vijiji kwa sababu tunafuata lami, tunaenda kiangazi, tunaongea na wanaume wenye vyeo na tunapelekwa palipo na mradi. Nikaangalia safari yetu: mwezi wa Julai, kiangazi, basi la lami, barua imeandikwa kwa mwenyekiti, kijiji chenye cheti. Yote manne yapo. Mwenzangu akasema basi tuyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari na kila siku tujiulize tumetoka kwenye lipi, na tukafanya hivyo kweli.

Nangurukuru gesti 15,000, maji ya ndoo, neti ipo.

Jumatano, Kilwa Masoko na habari za barua

Noah hadi Masoko 3,000. Siku nzima ilikuwa ya mihuri. Kwa wasiojua mlolongo: barua ya chuo au taasisi yako inaenda mkoani kwa Katibu Tawala, inashuka wilayani, inafika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, Mkurugenzi anakuandikia kwenda kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kata kwenda kwa Mtendaji wa Kijiji, alafu ndo mwenyekiti. Ya mkoani tulishaipata kabla. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pia, na aanze mapema sana.

Ofisi moja mhusika alikuwa safarini na hakuna mwingine wa kusaini, tukakaa kwenye benchi mpaka saa saba. Dada wa masjala akatuonea huruma, akampigia simu bosi, akapata ruhusa ya kaimu kusaini, akatutolea na kopi bila kutaka hata mia. Dada yule Mungu ambariki maana bila yeye tungepoteza siku mbili, Ijumaa kule watu wanajiandaa na swala na huwezi kumsumbua mtu.

USHAURI: chukua kopi nyingi za barua, kila ngazi inabaki na yake. Na usiiruke ngazi hata kama mwenyekiti ni rafiki yako. Nimesikia watafiti wakilalamika kwamba huu ni usumbufu, mimi naona kinyume chake. Kijiji kina serikali yake, kina mkutano mkuu wa watu wote wenye miaka 18 na kuendelea, huwezi kuingia na dodoso lako kama umeingia sokoni. Na hayo mapito yenyewe ni data, unaona karatasi inavyoshuka kutoka juu na unajua hata taarifa za bei za miti zinashuka kwa njia hiyo hiyo, zinachelewa hivyo hivyo.

Afisa misitu alitupa kopi ya sheria ndogo za kijiji na mpango wa uvunaji. Tulizisoma usiku baada ya wali wa nazi na changu, 5,000 sahani, Masoko wanajua kupika nazi jamani.

Alhamisi, kuingia bara

Bodaboda mbili kutoka Nangurukuru kwa barabara ya Njinjo, 25,000 kila moja na mizigo. Lami inaisha hapo hapo, baada ya hapo ni vumbi jekundu na mchanga mzito kwenye mabonde. Katikati ya pori boda yangu ikapata pancha. Kijana akasema "sista shuka kidogo, pampu nimeiacha nyumbani," na hapo hakuna nyumba ukiangalia mbele wala nyuma.

Tulikaa kama saa nzima. Akatokea kaka mmoja mfugaji, Mbarabaig, na ng'ombe wake na baiskeli, kwenye baiskeli kuna pampu na viraka. Akashusha, akaziba mwenyewe, tukamtolea hela akakataa, akatupa maziwa kwenye kidumu tukanywa wote. Kuongea ongea akasema yeye yuko huku tangu wafugaji walipotolewa bonde la Ihefu kule Mbeya, ile 2006 na 2007, amezalia watoto huku. Nikamuuliza kuhusu mkutano wa kijiji wa mambo ya msitu. Akasema "dada, mimi mkutano nasikiaga umeshapita."

Hapo nilikuwa sijafanya usaili, hajasaini ridhaa, kwa hiyo nikamwambia wazi kazi yangu ni nini na nikamwomba nikirudi kuja kumtafuta anieleze rasmi kama atapenda. Akanielekeza kitongoji chao. Nilishukuru moyoni ile pancha, kwa sababu kwenye ratiba yetu kitongoji hicho hakikuwepo.

Kijijini tulipokelewa na mtendaji na mwenyekiti, shikamoo nyingi, wakaita na wajumbe wawili wa kamati. Malazi nilipata kwa mama anayeuza chakula karibu na shule, mwenzangu kwenye nyumba ya mwalimu. Mama yule alikataa kodi kabisa, tukakubaliana nitakuwa nachangia unga na mafuta.

Ijumaa, ramani mbili

Asubuhi hakuna kikao, wazee wanaenda kuswali, tuliwaheshimu na tukatumia muda kuzunguka kusalimia. Baada ya saa nane tukakaa na vikundi. Mwenzangu wanaume chini ya mwembe, mimi na akina mama nyuma ya nyumba ya mama mwenyeji wangu. Hili la kugawa makundi msilichukulie kawaida, wanawake wakikaa na waume zao na wajumbe wa kamati utapata jibu moja zuri lililonyooka na hutajua chochote.

Kazi ilikuwa moja, chora msitu wenu kwenye mchanga kwa vijiti, mawe na majani. Wanaume walichora mipaka na nguzo zake, barabara ya kupakilia magogo, maeneo ya mpingo, mninga na mkongo, na sehemu waliyovamiwa na wapasua mbao wa usiku. Ramani safi, ungeweza kuitia kwenye ripoti moja kwa moja.

Akina mama walianza na kisima. Alafu njia za kuni, alafu bonde lenye ukindu wa kusukia mikeka, alafu sehemu za kuchimba ming'oko (viazi vya porini), na hapo wakaanza kubishana kwa raha wapi kuna ming'oko minene. Mpaka wa hifadhi hawakuuchora mpaka nilipouliza, na walipouchora ulipita katikati ya lile bonde la ukindu. Bibi mmoja akaniambia "mjukuu wangu, mkeka huu ndo ada ya shule ya huyu," akamgusa mtoto kichwani, "sasa siku hizi tukikutwa kule tunaulizwa kibali." Kwenye ramani ya wanaume lile bonde lilikuwa mchanga mtupu. Hakuna aliyelificha, kwenye kazi zao wao halina kitu.

Mwingine akasema jambo ambalo nimelipigia mstari mara mbili: "Kwenye kamati tupo, majina yetu yapo, ila doria hatuendi na posho iko kwenye doria." Sasa ukija na dodoso lenye swali la 'je, wanawake wamo kwenye kamati, ndiyo au hapana' utaandika ndiyo na utaondoka umefurahi.

Picha za ramani piga kabla kuku hawajapita. Na nakala ichorwe kwenye karatasi kubwa ibaki kijijini, ni mali yao.

Jumamosi, msituni na doria

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Doria ni vijana wanne, wana mapanga, wana GPS moja na wanaijua vizuri. Kutembea na watu msituni ni njia ya utafiti kabisa, unakata msitu kutoka upande huu kwenda ule na kila mnachokutana nacho mnakiongelea. Mambo ambayo kwenye kikao yangekuwa hotuba, kule yanatoka yenyewe.

Mpingo ukiuona umesimama huwezi kuamini ndo ule mweusi wa vinyago na wa zumari za Ulaya, ni mti mdogo mdogo, umejikunja, magome ya kijivu. Unachukua miaka 70 hadi 100 na zaidi kufikia kuvunwa. Kijana mmoja akaweka mkono juu ya shina akasema huu atauvuna mjukuu wangu, na alisema kwa uzito, hana hata mtoto bado. Akanionyesha visiki vilivyopigwa nyundo, alama ya kwamba umevunwa kihalali, na visiki viwili visivyo na alama. Hapo wote wakanyamaza kidogo. Sikuuliza nani.

Wakanionyesha pia moto wa mapema, wanachoma majani mwanzoni mwa kiangazi yakiwa bado na unyevu ili moto mkali wa Septemba na Oktoba usije kuua miche. Kilomita tulizotembea sijui, miguu iliuma siku mbili. Maji beba lita tatu kila mtu, suruali ndefu lazima, upupu upo.

Njiani nilimfikiria Elinor Ostrom, yule mama Mmarekani aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka huo huo wa 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Kabla yake kuna hoja ilishika sana tangu 1968, ya Garrett Hardin, kwamba mali ya wote lazima iishe kwa sababu kila mtu anavuta kwake. Ostrom akaenda kwenye maeneo yenyewe, wavuvi, wakulima wa mifereji, watu wa misitu, akakuta sehemu nyingi watu wanatunga kanuni zao, wanalindana wenyewe, na mali inadumu. Wale vijana wanne na GPS yao ni hicho hicho kinatembea. Lakini nae alisisitiza wanaoguswa na kanuni wawe na sauti ya kuibadilisha, na lile bonde la ukindu lilikuwa halinitoki kichwani.

Jumapili hadi Jumanne, nyumba kwa nyumba

Madodoso. Asubuhi hadi jioni, ufuta unapepetwa pembeni, unahojiana na mtu huku unamsaidia kushika chekecheo. Sitawachosha.

Mambo mawili tu. La kwanza, sampo, yani kaya za kuhoji, tuliitoa kwenye daftari la kaya la kijiji na daftari lilikuwa la zamani, waliohama wamo na waliohamia hawamo. Tukakaa na wenyeviti wa vitongoji tukalipitia jina kwa jina, nusu siku iliisha na ilistahili.

La pili ni kuulizia uvunaji haramu. Ukimuuliza mtu usoni kama amepasua mbao bila kibali atasema hapana, na ana haki, hakujui. Kwa hiyo tulitumia orodha. Kaya zinagawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi la kwanza linasomewa shughuli nne, mfano kuokota kuni, kulima ufuta, kurina asali, kufanya kazi ya mshahara. La pili linasomewa hizo hizo nne na ya tano kupasua mbao bila kibali. Mtu hasemi zipi, anasema ngapi tu kwa mwaka uliopita. Baadaye unachukua wastani wa kila kundi, tofauti yake ndo makadirio ya waliofanya ile ya tano, na wewe hujui ni nani na hutakaa ujue. Weka moja ambayo karibu hakuna anayeifanya, maana mtu akikwambia tano umeshajua kila kitu na umemweka pabaya. Inataka kaya nyingi sana, kwenye kijiji kimoja jibu linayumba, kwa hiyo sisi tutaliunganisha na vijiji vingine kabla ya kusema lolote.

Na mapato, jamani. Julai watu wameuza ufuta, hela ipo, ukiuliza maisha yakoje wanajibu ya leo. Tukatengeneza kalenda ya mwaka na mbegu za mahindi, kila mwezi weka mbegu kulingana na chakula kilichopo ndani. Januari na Februari wengi waliweka mbegu moja, wengine wakaacha wazi. Na ndo miezi hiyo hiyo msitu unapoingiwa zaidi, wakasema wenyewe.

Jumatano, kitongoji cha wafugaji

Nilimtafuta kaka wa pancha, nikampata. Mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka kijijini. Alinisomea fomu ya ridhaa mwenyewe kwa sauti ili wenzake wasikie, wakakubali wanaume watano na wanawake watatu. Mkalimani alikuwa binti yake wa darasa la saba, tulipofika kwenye maswali ya ugomvi na wakulima nikaomba tuache, mtoto hatakiwi kubeba hayo. Nitarudi na mtu mzima anayejua lugha yao.

Walichosema kwa ufupi: msitu ukitengwa njia ya kwenda kwenye maji ikafungwa, faini wanalipa, mkutano hawaitwi. Kijijini wanasema wafugaji wakiitwa hawaji. Nimeandika yote mawili kama yalivyo, na nitaangalia mihutasari ya mikutano kama inaonyesha nani alipelekewa taarifa. Tulikula ugali na maziwa mgando, nikasindikizwa mpaka njia panda.

Alhamisi, mrejesho na kurudi

Kabla ya kuondoka tuliomba kikao kifupi tuwaeleze tulichosikia. Mzee mmoja akasimama akasema watafiti wamekuja wengi na huyu ndo wa kwanza anaaga kwa kusema alichoandika. Iliniuma kusikia hivyo, kwa sababu ile hela ya mpingo iliyoezeka madarasa yao inatajwa kwenye ripoti nyingi na wao hawajawahi kuiona ripoti hata moja.

Tulibandika ramani zote mbili ukutani, ya wanaume na ya wanawake, bila kutaja aliyesema nini, tukiwa tumewauliza akina mama kwanza kama wanaridhia. Watu wakasogea. Mwenyekiti akaangalia bonde la ukindu muda mrefu, akauliza swali moja, "mnakwenda kule siku ngapi kwa wiki?" Ikaanza mazungumzo, wengine wakali, kamati ikasema ukiruhusu ukindu na panga litaingia, akina mama wakasema waongozane na mjumbe wa doria siku moja kwa wiki. Mwisho likaandikwa kuwa ajenda ya mkutano mkuu ujao. Litapita au halitapita sijui.

Tulirudi Nangurukuru kwenye lori la ufuta, bure, dereva akakataa hela akasema tumtumie tu zile picha alizopigwa na watoto wake, nimeshazituma.

Kwa anayetaka kwenda: pawabanki mbili, KoboToolbox (programu ya kujazia madodoso kwenye simu) pakua fomu zote mkiwa bado mjini kwa sababu inafanya kazi bila intaneti, daftari la karatasi usiache, soda na biskuti za vikundi tulitumia kama 40,000, posho ya mwongozaji ulizia mtendaji kiwango cha kijiji usijipangie. Mkutano wa akina mama usiuweke saa nne wala saa kumi na moja, wanapika. Februari narudi na mkalimani, nitawaandikia barabara ya Njinjo inapitikaje kwenye mvua na ile ajenda ya ukindu imeishia wapi.